Nguo ya Mwaka Ujao

TANGAZO. Wananchi wote wanaofika katika Ofisi ya Ustawi wa Jamii wanaarifiwa kwamba, kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu, kalamu iliyokuwa imefungwa kwa kamba katika meza ya mapokezi haitapatikana tena. Kila mwananchi afike na kalamu yake mwenyewe, yenye wino wa buluu. Wino mweusi hautapokelewa. Kwa amri.

Fundi cherehani alilisoma tangazo hilo mara mbili, mara ya kwanza kama raia na mara ya pili kama mtu mwenye kalamu nyeusi mfukoni. Akatoka, akavuka barabara, akanunua ya buluu, akarudi na kukuta nafasi yake kwenye benchi imekaliwa na mwanamke mwenye bahasha tatu. Akasimama. Miaka arobaini ya kuinamia cherehani ilikuwa imempa mgongo usiopenda kusimama, lakini mgongo ulikuwa wake, si wa Ofisi, na Ofisi haikuwa imetangaza lolote kuhusu migongo.

Alikuwa ameitwa kwa ajili ya mjukuu wake, msichana wa miaka minne na miezi minane. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na tangu hapo hakupata nafasi ya kunyamaza. Wazazi wake walikuwa wamefariki pamoja barabarani, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akilelewa na babu huyu, mzaa mama, na mkewe kwa kibali cha muda. Muda ulikuwa umekwisha. Shangazi wa mtoto, dada wa marehemu baba yake, alikuwa ameandika barua kuomba amchukue yeye moja kwa moja. Ilibidi Ofisi iamue, na Ofisi, kabla ya kuamua jambo lolote, hujaza fomu.

"Shikamoo, mzee," alisema Afisa alipomkaribisha ndani.

"Marahaba, mwanangu."

Afisa alikuwa binti mwenye adabu. Wiki iliyopita alikuwa amefika nyumbani kwao, akanywa maji, akakaa nusu saa, akaandika. Adabu yake ilimtia Fundi hofu kuliko ukali, kwa maana alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba mtu wa ofisi hakuamkii kwa unyenyekevu mkubwa ila pale anapokuwa na habari mbaya. Juu ya meza ilikuwapo fomu ya kurasa nne, ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, kwa sababu waliotoa karatasi ndio waliotoa na lugha.

"Maswali sita ya kwanza mmefaulu, mzee. Paa lipo, maji yapo, chanjo zote amepata, majirani wanawasema vizuri. Tatizo ni la saba."

"Linasemaje hilo la saba?"

Afisa alilisoma kwa Kiingereza. Kitenzi chenyewe kilikuwa "thrive", na swali lilitaka kujua kama mtoto yumo katika kitenzi hicho au hayumo.

"Ndiyo nini?"

"Kwamba anaendelea vizuri. Au niseme, zaidi ya vizuri. Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana, halafu mstari wa ushahidi. Mimi, mzee, nimeweka hapana."

"Kwa ushahidi gani?"

"Gauni."

Fundi alidhani hakusikia.

"Gauni alilovaa siku ile, la kijani. Mabega yameshuka mpaka hapa, pindo linagusa vifundo vya miguu. Mtoto anapotea ndani yake. Nikajiuliza, gauni hili lilimtosha lini? Nikaandika kwamba amepungua kiasi kwamba nguo zake zinampwaya."

"Mwanangu, gauni lile nimelishona mwezi uliopita."

"Likampwaya kwa mwezi mmoja?"

"Nimelishona likimpwaya." Akavuta kiti karibu, kwa kuwa sasa waliingia katika jambo alilolijua. "Mimi ni fundi wa nguo za watoto. Nguo ya mtoto haikatwi kwa huyu aliyesimama mbele yako. Inakatwa kwa yule anayekuja. Unaacha pindo la vidole vinne, unaweka mikunjo miwili mabegani, kwa ndani, haionekani. Akirefuka, mama yake anafumua mkunjo mmoja. Hiyo ni nguo ya mwaka ujao. Sijawahi kumshonea mtoto nguo ya leo hata siku moja. Ningekuwa mwizi."

Afisa alisikiliza mpaka mwisho, na usoni alionyesha kwamba ameelewa, jambo lililofanya maneno yake yawe mazito zaidi. "Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini fomu haiulizi mwaka ujao. Inauliza leo."

"Basi futa hiyo hapana."

"Fomu haifutwi. Ikifutwa inahesabika imechezewa. Kamati inakaa Alhamisi ya wiki ijayo. Mleteni mtoto mwenyewe. Wakimwona kwa macho, wanaweza kuandika maoni pembeni."

"Niandikie hilo neno."

Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa. Fundi alikikunja mara nne, akakitia katika mfuko wa shati kama mtu anayechukua kipimo cha mteja asiyemfahamu.

*

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana mchana na sebule jioni, na mpaka kati ya hayo mawili ulikuwa ufagio wa Bibi. Cherehani ilikaa dirishani. Ukutani zilining'inia sare za shule, mashati na sketi, zote kubwa kupita wenyewe. Mtaani walisema mtoto akivaa nguo ya Fundi mwaka wa kwanza huonekana ameazima, mwaka wa pili huonekana ametajirika, na mwaka wa tatu mdogo wake huonekana amerithi. Fundi aliuhesabu usemi huo kuwa ni sifa.

"Gauni?" alisema Bibi. "Yaani watunyang'anye mtoto kwa sababu ya gauni?"

"Kwa sababu ya neno. Gauni ni ushahidi tu."

"Na mimi nilikwambia. Kila siku nakwambia, baba, punguza hiyo nafasi, mtoto anafagia njia. Hukusikia. Sikio la kufa halisikii dawa."

"Umekuwa shahidi wao sasa?"

"Mimi ni shahidi wa macho yangu."

Chini ya meza ya kukatia, Chiriku alikuwa akivivalisha vifungo vitambaa, kazi ambayo haikuhitaji kimya. "Babu, neno gani? Ni baya?"

"Sijui bado."

"Kama ni baya usiniambie." Akafikiri. "Niambie kidogo."

Wakamwita Mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye alikuja na kamusi iliyopoteza jalada pamoja na herufi ya kwanza yote. Hasara hiyo, alisema, haikumsumbua, kwani maneno ya maana huanzia mbele. Akavaa miwani, akatafuta, akasoma kama anayesoma majina ya waliofaulu.

"Sitawi. Nawiri. Neemeka. Fanikiwa."

"Manne?" Fundi aliuliza. "Lipi ndilo la mtoto?"

"Yote, na hakuna. Sikiliza, jirani. Wenyewe wanalitumia kwa mti, kwa biashara, kwa mji, na kwa mtoto. Hawalitumii kwa jiwe. Sharti kitu kiwe hai, au kionekane kana kwamba kiko hai. Lakini kuwa hai peke yake hakutoshi. Mche uliopandwa kwenye kopo unaishi, unatoa na majani mawili matatu, lakini hawatausemea neno hili. Hili ni kuishi na kuzidi."

"Kuzidi nini?"

"Kuzidi kuishi."

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, alisimamisha vidole. "Basi, Mwalimu, humu ndani hakuna aliyelifikia. Wewe na pensheni yako umelifikia?"

"Mimi, shemeji, niko kwenye kuishi."

"Na hao walioandika swali?"

"Hao hawakuulizwa."

Fundi hakutaka mzaha. Alikuwa ameweka kipande cha karatasi mbele yake na kukinyoosha kwa kiganja, na aliuliza kama lipo jambo jingine, hata liwe dogo, ambalo neno hilo linaruhusu. Mwalimu alirudi kitabuni. Yapo matumizi mengine, alisema. Husemwa kwamba mtu anastawi kwa kitu fulani, yaani kitu hicho ndicho chakula chake. Mmoja hustawi kwa kazi nyingi, mwingine kwa mashindano, na wapo ambao, kwa mujibu wa kitabu, hustawi kwa shida.

"Kwa shida?" alisema Bibi. "Shida inanenepesha?"

"Kwa mfano wa maneno, shemeji."

"Ingekuwa hivyo mimi nisingepita mlangoni."

Fundi alimwomba Mwalimu arudie. Akayashika maneno hayo kimoyomoyo, kama anavyoshika urefu wa mkono na upana wa kifua wakati hana chaki karibu.

*

Shangazi alifika Jumamosi na kopo la maziwa ya unga na viatu vyekundu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, vyumba vitatu vya kulala, na hakuna wa kumlaza.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, shangazi wa mtoto," alisema Bibi. "Umekuja kumpima?"

"Jamani, mama. Maneno gani hayo?"

"Ya siku hizi. Kila anayeingia humu anakuja na kipimo."

Shangazi aliketi, akayaacha yapite. Viatu vilimtosha Chiriku sawasawa, bila hata nafasi ya unyasi, na Fundi aliliona hilo na kuliweka moyoni kama dosari. Mtoto alitembea navyo mpaka mlangoni na kurudi, akitangaza kila hatua.

"Mimi sina vita nanyi," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Baba, wewe unajua. Huyu ndiye sura ya kaka yangu iliyobaki. Akiinua nyusi zile, ni yeye mwenyewe. Kwangu kuna chumba, kuna ua, shule iko ng'ambo tu ya barabara. Wewe una miaka sabini na moja. Mama miguu inamsumbua. Akifika darasa la saba nani atamsimamia?"

Hesabu hiyo kila mmoja alikuwa ameshaifanya peke yake na kumficha mwenzake.

"Nimemwachia nafasi," Fundi alisema hatimaye. Lilikuwa jibu la fundi, na hata yeye alilisikia likipungua.

Chiriku alikuwa amesimama kwenye goti la mgeni wake. "Shangazi, kwako kuna cherehani?"

"Hakuna, mama."

"Sasa unalala kwa sauti gani?"

Shangazi alimtazama mtoto, kisha akatazama viatu. "Kwangu ni kimya," alisema.

*

Jumatatu Fundi alifunga mlango wa karakana, akamsimamisha mjukuu wake juu ya kigoda, akampima. Alipima kwapa, kiuno, bega kwa bega. Hakuongeza kitu. Hoja yake ilikuwa nyepesi na hakuona penye ufa: Afisa alimwona mtoto ndani ya nguo kubwa, akaandika kwamba amepungua. Kamati, basi, imwone akiwa ameijaza nguo yake pomoni, iandike kwamba amezidi. Alipofika kwenye pindo mkono ulikwenda wenyewe kuacha vidole vinne. Akaurudisha. Akaacha kimoja, kisha akakiona kingi, akakipunguza. Alikata kitambaa cha samawati kama anavyokata fundi wa sanda, kwa mtu ambaye hataongezeka.

"Babu," alisema Chiriku alipojaribishwa, "hili halina nafasi ya chakula."

"Utakula tukirudi."

"Na nikitaka kucheka?"

"Siku hiyo hakuna kucheka sana. Wala usivute pumzi kubwa. Pumua kama mtu anayesoma."

Chiriku alijaribu kupumua kama mtu anayesoma, akaona inawezekana, akafurahi.

Alichokuwa hakijui Fundi ni kwamba Bibi naye alikuwa na hoja yake. Yeye hakuamini gauni. Aliamini mizani. Tangu Jumapili alikuwa amekula kiapo kwamba mtoto atafika kwenye Kamati akiwa mzito, na kila Fundi alipotoka kununua uzi au kupeleka sare, Chiriku aliitwa jikoni. Mayai mawili asubuhi, maziwa ya Shangazi mara tatu, ndizi, uji mzito uliosimamisha kijiko. Mtoto aliahidiwa siri hiyo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliitunza, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa.

Alhamisi asubuhi vifungo vya mgongoni havikukutana.

"Umemfanya nini?" alisema Fundi.

"Nimemlisha. Na wewe umemfanya nini? Hii ni nguo au ganda?"

"Jumatatu ilimtosha."

"Na Jumatatu imepita, baba."

Hapakuwa na muda wa kushona nyingine, na zile za zamani, zenye pindo refu, ndizo zilizowaponza. Bibi alishika, Fundi akavuta. Vifungo viliingia kimoja baada ya kingine, na Chiriku akabaki amesimama mikono ikiwa imetengana na mbavu, akitazama mbele.

*

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu: Mwenyekiti, aliyekuwa na kikohozi cha mtu anayetaka asikilizwe, Muuguzi wa kliniki ya watoto, na Afisa, ambaye siku hiyo alikuwa mwandishi. Shangazi aliketi upande mmoja, Fundi na mkewe upande mwingine. Mtoto alisimamishwa katikati.

"Huyu ndiye mhusika?" aliuliza Mwenyekiti. "Hujambo, mtoto?"

Chiriku alimtazama babu yake. Akapumua kama mtu anayesoma.

"Mbona hasemi?"

"Husema sana, baba," Bibi alisema. "Kupita kiasi."

"Hapa hasemi," alisema Mwenyekiti, na Afisa akaandika, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuwa ameitiwa.

Muuguzi aliinuka, akamzunguka mtoto, akaingiza kidole kati ya mkono wa gauni na ngozi. Hakikuingia. "Hili gauni limemwacha. Tazameni kwapani, limekata alama. Mzee, mtoto hana nguo nyingine?"

"Anazo sita."

"Na mmemvalisha iliyomwacha?"

"Haijamwacha. Nimeishona Jumatatu."

"Jumatatu ya lini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hii hii."

Mwenyekiti alivua miwani. "Mzee, hapa imeandikwa kazi yako ni kushona nguo za watoto."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na Jumatatu hii umemshonea mjukuu wako nguo isiyomtosha."

Fundi alitaka kusema kwamba nguo zile sita zilikuwa na nafasi, na kwamba nafasi ndiyo iliyoandikwa kuwa kosa, na kwamba nguo hii ilikuwa jibu la kosa hilo. Alianza katikati, akarudi mwanzo, akakuta Mwenyekiti anatazama saa. Katika miaka arobaini hakuna mama aliyewahi kumrudishia nguo kwa kuwa inambana mtoto. Sasa ilikuwa imerudishwa mbele ya watu, mjukuu wake akiwa ndani yake.

"Jumatatu ilimtosha," alisema tu.

"Mtoto haongezeki hivi kwa siku tatu," alisema Muuguzi. "Labda ni uvimbe. Utapiamlo una uvimbe wake." Akapiga goti, akambonyeza Chiriku kwa kidole gumba juu ya mguu, akahesabu kimoyomoyo, akaachia. Nyama ilirudi mahali pake. "Hajavimba."

"Andika hajavimba," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu aliyepata walau jambo moja la uhakika.

Afisa alishusha kalamu. "Mwenyekiti, mimi nilipokwenda nguo zilikuwa zinampwaya. Leo zinambana. Naona tungeziacha nguo kabisa. Nilikosea kuandika vile."

"Ushahidi ni wako."

"Ndiyo. Naomba niubadilishe."

"Fomu haibadilishwi, wewe unajua kuliko mimi. Kadi ya kliniki inasemaje?"

Uzito umepanda, alisema Muuguzi, lakini umepanda ndani ya mstari wa chini. Kwa mizani, mtoto huyu hayuko hatarini. Zaidi ya hapo mizani haina maoni. Mwenyekiti aliuliza kama hilo, kwa Kiingereza cha swali la saba, ni ndiyo au ni hapana. Muuguzi alisema neno lile linahusu uzito na urefu. Afisa alisema linahusu furaha. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amelikuta mara nyingi katika hotuba za ufunguzi, ambako lilihusu maendeleo ya jumla, na hakuwa tayari kuliona likishushwa mpaka kwa mtoto mmoja.

"Shangazi, wewe ndiye mwombaji. Unaonaje?"

Shangazi alikuwa amemtazama Chiriku tangu walipoingia, kama mtu anayengoja simu. "Pale kwao anacheka sana," alisema. "Hilo siwezi kulikana. Leo sijui amekuwaje. Lakini kucheka si kukua, mheshimiwa."

"Mzee, una neno la mwisho?"

Fundi alisimama. Mgongo ulimkatalia mara moja, akaulazimisha. Alikuwa na jambo moja lililobaki, alilokuwa amelitunza siku tisa. "Mheshimiwa, kitabu cha wenyewe kinasema mtu anaweza kustawi kwa shida. Shida ikawa ndiyo chakula chake. Mimi sina vyumba vitatu. Lakini mtoto huyu, shida yetu haijamshinda. Anaimba, anauliza, ameshajua kuhesabu vifungo mpaka hamsini. Nadhani hilo ndilo neno lenyewe."

Mwenyekiti alivaa tena miwani yake, kwa namna ambayo mtu mwenye matumaini angeweza kuiita ya heshima.

"Andika," alisema Mwenyekiti, "kwamba mlezi amekiri kuwapo kwa shida."

*

Waliambiwa wangoje nje. Ukumbi wa nje ulikuwa mwembamba, umepakwa rangi ya majivu mpaka usawa wa bega, na juu ya hapo rangi ilikuwa imekwisha. Shangazi alisimama mbali kidogo, karibu na dirisha. Fundi alipiga magoti kwenye saruji mbele ya mjukuu wake, akatoa mkasi mdogo wa nyuzi ambao hakuwahi kutoka bila kuwa nao, akamgeuza.

"Usitikisike."

Hakufungua vifungo. Alikata mshono wa ubavuni, upande mmoja kisha wa pili, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Alikata polepole, kwa unadhifu, ingawa hakuna ambaye angeikagua kazi hiyo. Kitambaa kiliachana. Mbavu za mtoto zilitoka kama kitu kilichofunguliwa kamba, na alama nyekundu ya mshono ilibaki imelala juu ya ngozi. Bibi aliivua kanga yake ya juu, akamfunika.

Chiriku alivuta pumzi yote aliyokuwa amenyimwa tangu asubuhi.

"Babu, nilipumua kama mtu anayesoma, uliniona? Yule babu anakohoa lakini hana mafua. Yule mama alinibonyeza mguu akafikiri mimi ni kengele. Nilitaka kulia kama kengele ila umesema nisicheke. Ana cheni hapa, ina kasamaki. Kwa nini hawana watoto humu na ni ofisi ya watoto? Bibi, nina njaa, ila si ya mayai. Shangazi, njoo huku, kwa nini umesimama kama umefanya makosa?"

Sauti hiyo ilipita chini ya mlango kama maji. Ndani, Afisa aliinua kichwa. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hatua ya kumsikiliza mtoto ilikuwa imekwisha, na kwamba matokeo yake yalikuwa yameshaandikwa.

Shangazi alisogea, akachuchumaa upande wa pili, akashika ncha ya kanga isianguke. Alimwona Fundi akipitisha kidole juu ya ile alama nyekundu, mara moja, kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Nilitaka wamwone amejaa," Fundi alisema.

"Najua, baba."

"Hivi sishonagi mimi."

"Najua."

Pengine wangefika mbali zaidi, kwa kuwa walikuwa wamepiga magoti wote wawili na mtoto alikuwa katikati yao, na Bibi alikuwa ameshafungua mdomo kusema jambo ambalo lingeweza kuanza na neno mwanangu. Mlango ulifunguliwa. Afisa aliwaomba waingie, wasimame, wasikilize. Akasoma bila kuinua macho.

"Uamuzi wa Kamati. Moja: Kwamba Kamati imezingatia ushahidi wa nguo zinazompwaya mtoto na ushahidi wa nguo zinazombana, na imeupokea wote. Mbili: Kwamba wajumbe hawakuafikiana kuhusu maana ya neno lililomo katika swali la saba, na kwa hiyo hawawezi kusema kama mtoto yumo katika hali hiyo au hayumo. Tatu: Kwamba ili kupata ulinganisho wa haki, mtoto atakaa kwa shangazi yake miezi mitatu kuanzia leo, kisha kwa babu na bibi yake miezi mitatu, na ataendelea hivyo kwa zamu, akipimwa uzito kila anapohama, mpaka tafsiri rasmi ya neno hilo itakapopokelewa kutoka makao makuu. Nne: Kwamba makao makuu hayajawekewa muda wa kujibu. Tano: Kwamba pande zote zinapongezwa kwa ushirikiano. Sita: Kwamba kisanduku cha hapana kibaki kama kilivyojazwa, kwa kuwa fomu haifutwi, lakini kisihesabiwe."